Kilo Zinapopungua, Nini Kimepungua?

Kwenye barabara ya taifa namba 4, mashariki mwa Kongo, inayotoka Beni kwenda mpaka wa Kasindi, kakao hupimwa mara nyingi kabla ya kuvuka kwenda Uganda. Mkulima wa Mutwanga huipima nyumbani, mnunuzi huipima tena kijijini, mwenye ghala naye huipima upya. Hakuna hata mmoja kati yao anayeridhika na kilo peke yake. Mnunuzi hutia mkono ndani ya gunia, huchukua punje chache, huzibonyeza, huzivunja na kuzinusa. Anatafuta maji. Kakao inayotoka kwenye tunda hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake inapochachushwa na kuanikwa, na soko la dunia halitaki unyevu uzidi asilimia 8. Gunia bichi na gunia kavu yanaweza kuonyesha kilo zilezile, na bado mali iliyomo isilingane hata kidogo.

Mtu mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo, ile iitwayo thairoidi, anahitaji jicho la mnunuzi huyo kila anapopanda kwenye mizani. Kilo zake zinaweza kushuka kwa sababu mafuta yamepungua, au mwili umeachia maji, au misuli inaliwa. Zinaweza pia kugoma kushuka wakati ndani ya mwili mambo yote yanakwenda vizuri. Asiyejua tofauti hizo hufurahia ugonjwa na kukatishwa tamaa na nafuu.

Tezi yenyewe ni ndogo, gramu 20 hivi kwa mtu mzima, imekaa mbele ya shingo chini ya kongomeo. Hutengeneza homoni mbili, T4 na T3, kwa kutumia iodini, ambayo Watanzania wengi huiita madini joto. Homoni hizo ndizo zinazoamua seli zichome chakula kwa kasi gani, moyo udunde mara ngapi, utumbo usukume kwa nguvu kiasi gani, mwili utoe joto kiasi gani. Mwaka 1895, mjini Berlin, daktari Adolf Magnus-Levy alipima pumzi za wagonjwa wake na kukuta kwamba wenye tezi iliyolegea hutumia oksijeni kidogo kuliko watu wenye afya, na wenye tezi iliyochachamaa hutumia nyingi kupita kiasi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, pituitari, inayoisimamia thairoidi kwa homoni iitwayo TSH. Thairoidi ikilegea, TSH hupanda ili kuihimiza. Ikizidisha kazi, TSH hushuka hadi karibu na sifuri. Ndiyo sababu daktari huanza kwa kuomba kipimo cha damu cha TSH, ambacho katika maabara nyingi huhesabiwa kuwa cha kawaida kikiwa kati ya 0.4 na 4 hivi.

Huku Kivu Kaskazini dalili hujificha kirahisi ndani ya hali ya hewa. Kasindi iko kwenye nyanda za joto karibu na Ziwa Edward, Butembo iko vilimani ambako asubuhi watu hujifunika. Mama wa Kasindi ambaye tezi yake imechachamaa hulowa jasho usiku kucha na kusema ni joto la hapa. Mwenzake wa Butembo ambaye tezi yake imelegea havui sweta hata mchana, na kila mtu humwambia ni baridi ya mlimani. Uchovu unasingiziwa safari ya shambani, choo kigumu kinasingiziwa chakula, hedhi nzito inasingiziwa umri. Kisha kilo zinaongezeka, na hapo majirani humpongeza kwamba maisha yamemkubali.

Akishapimwa na kuelezwa tatizo, mtu huyo huuliza mara moja: kati ya kilo hizi, ngapi ni za tezi? Jibu la wataalamu huwashangaza wengi. Chama cha Thairoidi cha Marekani kinakadiria kwamba tezi iliyolegea huongeza kwa kawaida kilo 2 hadi 4.5, kulingana na ukali wa ugonjwa, na sehemu kubwa ya hizo ni chumvi na maji. Aliyeongeza kilo 25 hawezi kuzitupia zote tezi. Neno hilo ni gumu kwa mgonjwa, lakini akinyimwa ataingia kwenye matibabu akingojea muujiza ambao dawa haikuumbiwa kuufanya.

Maji hayo yanatoka wapi? Homoni ya thairoidi inapopungua, chini ya ngozi na katikati ya misuli hujikusanya molekuli ndefu za sukari zilizofungamana na protini, na tabia yake ni kunasa maji na kuyashikilia. Ndiyo maana uso huvimba, kope huwa nzito, sauti hukwaruza, na pete haitoki kidoleni. Uvimbe huu una alama yake: ukiubonyeza kwa kidole mguuni, kwa kawaida haubaki na shimo, tofauti na uvimbe wa ugonjwa wa moyo au figo.

Watafiti wa Denmark waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walilifuatilia jambo hili kwa makini. Waliwachukua wagonjwa 12 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na tezi iliyolegea, wakawapima kwa mashine ya eksirei inayotenganisha mafuta na sehemu nyingine za mwili, wakawapa homoni, kisha wakawapima tena baada ya mwaka mmoja. Kwa wastani kila mgonjwa alikuwa amepungua kilo 4.3. Mafuta yalikuwa palepale! Kilichokuwa kimetoka ni maji yaliyonaswa. Wagonjwa hao hawakuwa wamekonda, walikuwa wamekauka, kwa maana ileile ya kakao iliyoanikwa.

Utafiti huo ulithibitisha kwa mashine kitu ambacho daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, alikiona kwa macho miaka 120 kabla yake. Mwaka 1891 George Murray alimdunga mwanamke wa miaka 46 kimiminika kilichotengenezwa kwa tezi za kondoo. Mwanamke huyo alikuwa amevimba, mzito wa kusema na mzito wa kutembea. Uvimbe ulishuka, sauti ikarudi, akaanza tena kutoka nyumbani. Baadaye dawa ile ilianza kutolewa kwa kumezwa, naye akaendelea nayo hadi alipofariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Murray alikadiria kwamba tezi za zaidi ya kondoo 870 zilitumika kumtunza. Leo kazi ya kondoo hao inafanywa na kidonge kimoja kidogo cha levothairoksini, kinachopimwa kwa mikrogramu na kilichomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo mgonjwa anayeanza dawa hupitia vipindi viwili visivyofanana. Wiki za kwanza maji hutoka na kilo hushuka bila yeye kubadili chakula chochote. Anafurahi, anawaambia ndugu, anapiga hesabu kwamba ikiwa mwezi mmoja umeondoa kilo 2, mwaka utaondoa 24. Kisha maji yaliyonaswa yanakwisha na mizani inasimama. Hapo tezi imeshatoa mchango wake wote, na kinachobaki ni mafuta, ambayo hufuata sheria zilezile kwa mwenye ugonjwa na asiye nao. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 7,700. Anayepunguza kilokalori 500 kila siku, kiasi cha chapati 2 za mafuta hivi, atapungua karibu nusu kilo kwa wiki, na mwendo huo utapoa kadiri mwili unavyokuwa mwepesi. Kwa hesabu hiyo, kilo 3 zinazoondoka ndani ya siku 4 haziwezi kuwa mafuta, na kilo 2 zinazorudi baada ya sherehe ya mwishoni mwa wiki haziwezi kuwa mafuta vilevile.

Hatari kubwa iko kwenye siku mizani inaposimama. Wapo wanaokata shauri kwamba dozi ni ndogo, wakaiongeza wenyewe. Wapo ambao hawana ugonjwa wowote wa tezi lakini wamesikia kwamba kidonge hiki kinakondesha, wakakinunua. Na zipo dawa na chai za kupunguza mwili ambazo kwenye karatasi yake hazitaji thairoidi hata kidogo. Huko Japani na Hong Kong maabara zimewahi kukuta homoni au nyama ya tezi ya mnyama ndani ya bidhaa za namna hiyo. Mji wa mpakani, unaopokea mizigo ya kila aina, una sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito.

Kwa watu wa Kongo, mfano wa kufundishia ni mtu wanayemjua vizuri. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8, na wazee walioisikia habari hiyo redioni bado wanaisimulia. Miaka 6 baadaye, akiwa na miaka 38, Ali alitaka kurudi ulingoni kupigana na Larry Holmes. Alikuwa amenenepa hadi kupita kilo 110. Daktari wake, akiamini kwamba tezi yake imelegea, alimwandikia Thyrolar, dawa yenye T4 na T3 kwa pamoja. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, Ali alimeza vidonge 3 kwa siku badala ya 1.

Mizani ilimpa alichokitaka. Alipopimwa kabla ya pambano alikuwa na kilo zisizofika 99, tumbo limeingia, umbo limerudi kama la kijana, na wengi waliomwona waliamini kwamba Ali wa zamani amerejea. Tarehe 2 Oktoba 1980, Las Vegas, alipanda ulingoni akiwa hana nguvu. Hakuweza kukimbia, hakuweza kurusha ngumi za maana, alipigwa raundi baada ya raundi hadi kocha wake Angelo Dundee aliposimamisha pambano baada ya raundi ya 10. Katika maisha yake yote ya ngumi hilo ndilo pambano pekee alilopoteza kwa kusimamishwa kabla ya muda.

Homoni ya thairoidi ikizidi haichagui mafuta. Inachoma misuli ya mapaja na mabega, ndiyo maana mgonjwa hushindwa kuinuka alipochuchumaa. Inakausha mwili kwa jasho. Inaukimbiza moyo hata mtu akiwa amelala. Inakula mifupa polepole. Watafiti wa Framingham, Marekani, waliowafuatilia watu zaidi ya 2,000 wenye miaka 60 na kuendelea kwa miaka 10, walichapisha mwaka 1994 kwamba waliokuwa na TSH ya chini sana walikuwa na hatari mara 3 zaidi ya kupata mpigo wa moyo usio na mpangilio, ule unaoweza kuzalisha bonge la damu na kiharusi. Kwenye karatasi ya levothairoksini inayouzwa Marekani limewekwa onyo kali: isitumike kutibu unene. Onyo hilo halikuandikwa kwa hofu tupu. Limetokana na watu walioumia.

Upande wa pili wa ugonjwa, ule wa tezi iliyochachamaa, una historia ambayo Kivu iliichangia dunia kwa gharama kubwa.

Milima ya mashariki mwa Kongo iko mbali na bahari, na mvua imeosha iodini ya udongo wake kwa maelfu ya miaka. Rovu, yaani uvimbe wa tezi hii, lilikuwa jambo la kawaida shingoni mwa watu. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa Kibelgiji, miongoni mwao François Delange na André Ermans, walifanya kazi kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, wakakutana na fumbo. Kaskazini ya kisiwa rovu lilikuwa limeenea sana, kusini-magharibi lilikuwa dogo, na bado iodini ilikuwa haba kwa kiwango kimoja pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye sahani: muhogo. Muhogo ambao haukulowekwa na kukaushwa vya kutosha hubaki na viini vya sayanidi, ambavyo mwili huvigeuza kuwa thayosayaneti, na hiyo huizuia tezi isichukue hata ile iodini kidogo iliyopo. Kazi hiyo ya Idjwi ikawa msingi wa maarifa ya dunia nzima juu ya muhogo na tezi.

Kisha ikaja chumvi. Ziwa la Katwe, upande wa pili wa mpaka wilayani Kasese, limeilisha nchi hii chumvi tangu kabla ya ukoloni, lakini chumvi ya namna hiyo haina iodini ya kutosha mpaka iongezwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chumvi iliyotiwa iodini ilianza kuenea Kivu, na watoto waliozaliwa baada ya hapo walikingwa na ulemavu wa akili ambao uliwapata wengi kabla yao. Hiyo ni mojawapo ya kazi kubwa za afya ya jamii za karne iliyopita. Hata hivyo, mwaka 1996 timu ya Pierre Bourdoux na Ermans ilitangaza katika jarida la Lancet kwamba Kivu kulikuwa na watu wazima walioanza kuugua tezi iliyochachamaa baada ya kupata chumvi hiyo. Mwaka mmoja kabla, madaktari wa Zimbabwe walikuwa wametoa taarifa kama hiyo.

Sababu yake inaeleweka. Tezi iliyokaa na njaa ya iodini kwa miaka 30 au 40 hukua na kuota vinundu. Baadhi ya vinundu hujifunza kufanya kazi bila kusikiliza amri ya pituitari. Iodini ikiwa haba havina malighafi, hivyo madhara hayaonekani; iodini inapofika kwa wingi na kwa ghafla, vinatengeneza homoni bila breki. Waliopatwa walikuwa hasa watu wazima wenye rovu la siku nyingi, na hali ilikuwa mbaya zaidi pale chumvi ilipotiwa iodini kupita kipimo. Dawa yake haikuwa kuiondoa iodini. Ilikuwa kuipima vizuri, na mwaka 1996 mapendekezo ya kimataifa yalikuwa miligramu 20 hadi 40 kwa kila kilo ya chumvi inayotoka kiwandani.

Mtu mwenye tezi iliyochachamaa hukonda huku akila vizuri, na hiyo ndiyo alama ya kushika: hamu ya chakula ipo, pengine imezidi, na kilo zinashuka. Mikono inatetemeka akishika kikombe, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, hasira iko karibu. Katika eneo hili kukonda kuna uzito wake wa kijamii. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1985, madaktari wa Uganda waliandika katika Lancet juu ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiwakondesha watu wa Rakai, ambao wanakijiji waliuita slim, na ukaja kujulikana kuwa ni UKIMWI. Tangu hapo anayekonda haraka hutazamwa kwa jicho la pembeni, na yeye mwenyewe huogopa kwenda kupimwa. Ni kweli kwamba virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na kisukari vinapaswa kupimwa kwanza, kwa kuwa ni vya kawaida zaidi. Lakini vipimo hivyo vyote vikitoka salama na mtu bado anakonda, shingo itazamwe, mapigo yahesabiwe, TSH iombwe.

Mwenye tezi iliyochachamaa naye ana mshangao unaomngoja. Akitibiwa, kilo hurudi, na mara nyingine hupita zilikokuwa. Watafiti wa Birmingham, Uingereza, mwaka 2019 walitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 1,300 waliotibiwa tezi iliyochachamaa: wanaume waliongeza wastani wa kilo 8, wanawake kilo 5.5. Sehemu ya kilo hizo ni misuli na mafuta yaliyokuwa yameibiwa na ugonjwa, nazo zinastahili kupokelewa kwa shukrani. Nyingine zinatokana na mazoea: mtu aliyekuwa akila sahani 2 bila kunenepa huendelea na sahani 2 baada ya mwili kutulia. Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hiyo, na kuacha huko kunaweza kuurudisha moyo kwenye mbio zake.

Ufuatiliaji unaofaa, basi, huhitaji zaidi ya mizani. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kwenye mstari mmoja huandikwa tarehe, kilo, kiuno, mapigo ya moyo, na dozi ya dawa. Majibu ya TSH huandikwa pembeni kila yanapotoka. Kilo zipimwe asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, nguo nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Mizani ya nyumbani na ya kituo cha afya hazikubaliani mara zote, kwa hiyo kinachofuatwa ni mizani moja. Ukweli wake unaweza kujaribiwa kwa bidoni ya maji: lita moja ya maji ni kilo moja, na bidoni ileile iliyojazwa hadi alama ileile inapaswa kusoma vilevile wiki hadi wiki. Ikisoma kilo 21 leo na 23 Jumapili ijayo, si mama aliyenenepa.

Anayependa kujipima kila siku na ajipime, mradi aangalie wastani wa wiki na kuulinganisha na wastani wa wiki iliyotangulia. Uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo 1 au 2 kwa chumvi ya samaki mkavu, kwa choo kilichokaa, kwa siku za kabla ya hedhi. Mwanamke alinganishe wiki ya kwanza baada ya hedhi na wiki kama hiyo ya mwezi unaofuata. Hapo atakuwa ameondoa kelele nyingi kwenye hesabu yake.

Kiuno hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Kwa watu wa Afrika kusini mwa Sahara, sentimita 80 kwa wanawake na 94 kwa wanaume ndizo zinazotumiwa kwa sasa kama mpaka wa tahadhari. Kiuno kinachopungua wakati kilo zimesimama ni habari njema ambayo mizani haiwezi kuitoa. Mapigo nayo huhesabiwa kwa dakika nzima kabla ya kuinuka kitandani. Mtu aliyezoea 58 akiwa na tezi iliyolegea, akafika 70 baada ya miezi michache ya dawa, anaona tiba ikifanya kazi. Akifika 105 huku kilo zikishuka haraka, arudi kwa daktari wiki hiyohiyo.

TSH inahitaji subira. Nusu ya levothairoksini iliyomo mwilini huondoka baada ya siku 7 hivi, na pituitari nayo huchelewa kurekebisha sauti yake, ndiyo maana kipimo hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuanza au kubadili dozi. Kupima baada ya wiki 2 ni kupoteza fedha, na kwa mtu ambaye kituo chake cha afya hakina kipimo hicho na analazimika kusafiri, ni kupoteza na nauli.

Kabla ya kulaumu dozi, muuguzi mwenye uzoefu huuliza: "Mama, asubuhi unameza dawa na nini?" Mara nyingi jibu lipo kikombeni. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2008 kwamba kahawa inayonywewa pamoja na kidonge hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, na Butembo ni nchi ya kahawa. Uji wa masoso una soya, ambayo nayo huingilia. Vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu hukishika kidonge tumboni kisipite, kwa hiyo vitenganishwe nacho kwa saa 4. Maji matupu, tumbo tupu, kisha kungoja nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Kidonge chenyewe hakipendi joto wala unyevu; dirisha linalopigwa na jua la Kasindi si mahali pake.

Kuhusu sombe, yaani majani ya muhogo, na muhogo wenyewe, hofu imezidi ukweli. Muhogo uliolowekwa siku za kutosha, ukaanikwa na kusagwa, katika nyumba inayotumia chumvi yenye iodini, haumdhuru mwenye tezi. Kabichi ya kupikwa pia haina kesi. Kumnyima mtu chakula cha kwao kwa sababu isiyo na msingi humfanya aache na mashauri yale yenye msingi.

Daftari lina kazi moja zaidi. Mtu ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 za dawa kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo aliyepungua kilo 15 kwa bidii yake anaweza kujikuta na dozi iliyozidi bila kuongeza kidonge hata kimoja. Kwa mama mjamzito hesabu inageuka: kilo zinapaswa kupanda, na mahitaji ya homoni hupanda kwa theluthi hivi kuanzia wiki za mwanzo, kabla tumbo halijaonekana, kwa sababu mtoto hutegemea homoni ya mama yake hadi tezi yake ianze kazi. Huyo apimwe TSH mara tu anapojua ana mimba, kisha karibu kila mwezi hadi katikati ya ujauzito. Akijifungua, kwa kawaida dozi hurudishwa ilikokuwa, na damu hupimwa tena baada ya wiki 6.